Gurudumu Pana Chini ya Gari Fupi: Lipimwe Likiwa na Mzigo

Avuke mpaka kwa Malaba au avuke kwa Busia, msafiri aelekeaye Tororo huliona jabali la mji huo kabla hajauona mji wenyewe. Upande wa magharibi wa jabali hilo, katika nchi ya Jopadhola, ndiko iliko Kisoko. Tulifika huko siku moja ya mvua tukiwa na haja ndogo tu, kurekebisha breki ya gari letu, tukaondoka na somo ambalo twaona si haki kuwanyima wenzetu wa jeshi na polisi.

Fundi tuliyemwendea ni mzee aliyejifunza kazi ujanani mwake katika karakana moja ya Mombasa. Banda lake ni la mabati, na chumba chake cha upasuaji ni kivuli cha mwembe. Tulimkuta amechuchumaa nyuma ya Toyota Corolla ya miaka ya 1980, ya aina ile inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Gari lilikuwa jeupe, limeng'arishwa likang'aa, na limeshushwa hata tumbo lake likakaribia ardhi. Nyuma lilivaa matairi mapana yaliyojaza madigadi pande zote mbili. Kando yake alisimama mwenye gari, koplo kijana aliyekuwa likizoni. Alipotutambua alikaza mwili, akasema, "Jambo, afande," kisha uso ukamrudia chini kama mtu aliyekamatwa na kosa.

"Afande, hebu inama uone," fundi akatuita. "Huyu mwanangu asema gari lake lina kelele kidogo tu."

Tukainama. Katika bega la tairi la kulia, pale ubavu unapokutana na meno, palikuwa na mfereji uliochimbwa mzunguko mzima, kama uzi ulivyokata sabuni. Mahali pawili mpira ulikuwa umekwisha kabisa na nyuzi za ndani zikaonekana. Ukingo wa madigadi ulikuwa umesuguliwa rangi ikaisha, bati likameta kama ncha ya singe.

"Umesafiri nalo tangu wapi?" tukamwuliza.

"Tangu Busia, afande. Nilibeba watu wanne na magunia mawili."

"Na kesho unakwenda wapi?"

"Nampeleka mama hospitali ya Tororo. Miguu haimwezi, afande, hawezi kupanda boda-boda."

Hakuna aliyesema neno kwa kitambo. Kila mmoja wetu alikuwa akimwona mama yule katika kiti cha nyuma, upande wa kulia, moja kwa moja juu ya tairi lile.

KOSA HALIKUWA UPANA

Kwanza yafaa tuondoe dhana moja. Wako wenzetu wengi, hasa wa zamu za barabarani, ambao wakiona gari limeshushwa na limevaa matairi mapana huona uhuni mtupu. Koplo yule hakuwa mhuni. Alikuwa kijana mwenye kupenda gari lake, aliyekusanya fedha zake kidogo kidogo akanunua rimu zilizoingia nchini pamoja na magari yaliyotumika ya Japani, yale yapitayo Mombasa kisha Malaba na Busia. Matairi mapana yakifungwa kwa akili huweza kulipa gari mshiko mzuri kwenye lami kavu, na gari lililo chini kiasi huinama kidogo zaidi linapokata kona. Hayo ni manufaa ya kweli.

Kosa lake lilikuwa moja, nalo ni la vijana na wazee, la raia na askari. Alilipima gari likiwa tupu, limesimama, juu ya sakafu iliyo sawa. Katika hali hiyo kidole gumba kilipita kati ya tairi na madigadi, naye akaridhika. Lakini gari halikununuliwa lisimame. Lilinunuliwa libebe, liruke mashimo na kuinama konani, na katika hali hizo nafasi ya kidole gumba hutoweka yote.

Sisi tulilipata somo hili zamani, tulipokuwa wanafunzi wa uofisa, kupitia miguu yetu wenyewe. Siku ya kugawiwa viatu kila mmoja alichagua jozi iliyombana vizuri akiwa amekaa juu ya benchi la stoo, miguu ikiwa baridi. Baada ya mwendo wa kilomita thelathini, mzigo mgongoni na miguu imevimba, tulijua ni nani aliyechagua viatu vya gwaride na ni nani aliyechagua viatu vya safari.

TAIRI LINASEMA NINI

Askari hawezi kulikagua asichoweza kukisoma. Ubavuni mwa kila tairi mna maandishi, na kwa tairi la koplo yalisomeka 205/60R13, kisha 86H. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo. Yaani asilimia 60 ya 205, ambayo ni milimita 123. Herufi R yaonyesha jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 13 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 86 ni alama ya mzigo, maana yake kilo 530 kwa tairi moja. Herufi H ni ya mwendo, kikomo chake kilomita 210 kwa saa.

Mbali kidogo hupatikana tarakimu nne za tarehe. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Polisi aliye mpakani, penye soko kubwa la matairi ya mitumba, azijue tarakimu hizo kama ajuavyo namba ya bunduki yake.

Matairi ya awali ya gari lile yalikuwa ya upana wa milimita 155, na ubavu wa asilimia 80. Tukikokotoa, kipenyo cha tairi la zamani ni milimita 578, na cha jipya ni 576. Kwa hiyo koplo hakukosea katika kimo. Kipimamwendo chake hakikudanganywa, na gari halikupanda wala kushuka kwa sababu ya tairi. Aliongeza upana peke yake: milimita 50, yaani 25 kwa ndani na 25 kwa nje, iwapo rimu imekaa pale pale ilipokaa ya zamani.

Lakini rimu haikukaa pale pale. Kila rimu ina kipimo kinachoandikwa kwa herufi ET, zilizotoka katika lugha ya Kijerumani. Kipimo hicho ni umbali kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso wake unaobanwa na nati. Namba ikipungua, gurudumu lote husogea nje. Ikiongezeka, husogea ndani. Rimu za koplo zilikuwa na ET iliyopungua kwa milimita 15 kuliko za awali. Basi tairi lilitoka nje milimita 40 na kuingia ndani milimita 10 tu. Upande wa nje ulikuwa umebebeshwa karibu mzigo wote, na upande wa ndani ulikuwa na nafasi iliyolala bure.

Msomaji asiyependa hesabu ashike jambo hili moja: swali la kwanza si "tairi lina upana gani?" Swali la kwanza ni "upana huo umekwenda upande gani?"

EKSELI HAIKAI KATIKATI

Fundi alimwomba koplo aketi nyuma pamoja nasi na vijana wawili wa banda. Gari likazama. Ukingo wa madigadi ya kulia ukashuka ukalifunika tairi na kuligusa. Upande wa kushoto ilibaki nafasi ya kupitisha karatasi ngumu. Mbona upande mmoja ulitofautiana na mwingine, hali matairi ni ya namna moja?

Jibu lilikuwa chini ya gari. Ekseli ya gari kama lile ni moja nzima, inayounganisha gurudumu na gurudumu, na huzuiwa isiyumbe kushoto na kulia na mkono wa chuma unaokingama, ncha moja kwenye bodi na nyingine kwenye ekseli. Mafundi huuita mkono wa Panhard, kwa jina la kampuni moja ya kale ya magari ya Ufaransa. Mkono huo hauzungumzi na mtu. Hufuata duara lake. Bodi ikishushwa, ncha moja hushuka nayo, na kwa kuwa urefu wa mkono haubadiliki, ekseli yote husukumwa upande mmoja. Fundi alitundika timazi kutoka ukingo wa kila madigadi, akapima. Tairi la kulia lilikuwa limetoka nje kuliko la kushoto kwa milimita 12. Maana yake ekseli ilikuwa imehama milimita 6.

Kuna jambo la pili katika ekseli nzima. Gurudumu moja likipanda juu ya jiwe, ekseli huinama, na kichwa cha gurudumu lililopanda huegemea ndani kuelekea chasisi, huku kichwa cha lile la upande wa pili kikiegemea nje. Ndiyo maana gari lililofungwa kwa kupimia nje peke yake laweza kuwa kimya likipanda tuta kwa magurudumu yote mawili, kisha likapiga kelele likiingia shimo la upande mmoja. Upande wa ndani ndimo zinamopita bomba za breki katika magari mengi, na tairi linalosugua bomba la breki ni hatari kubwa kuliko linalosugua bati.

Na la tatu ndilo lililomkasirisha mzee. Gari lilikuwa limeshushwa kwa kukata springi. Springi ya koili ikikatwa huwa fupi, na huwa ngumu kidogo, lakini pia hukosa urefu wa kubaki imebanwa gurudumu linaponing'inia. Yaweza kuchopoka katika kitako chake. Wengine huichoma springi kwa moto wa gesi ili ilale. Hao huua uhai wa chuma, na springi iliyouawa hivyo huendelea kulala siku hata siku. Zaidi ya hayo, aliyeshusha gari hili alikuwa ameiondoa mipira ya kizuio, ile inayokaa juu ya ekseli ili kuisimamisha isipande kupita kiasi.

"Alisema inapiga kelele," koplo akajitetea.

"Ilikuwa ikikuonya, mwanangu," mzee akamjibu. "Wewe ukamfukuza mlinzi kwa sababu amebisha mlango."

NAMNA YA KUPIMA

Yafuatayo ndiyo tuliyoyaona yakifanywa pale chini ya mwembe, nayo hayahitaji karakana ya mjini.

Kwanza, gari hufungwa mbao kwenye magurudumu ya mbele, kisha bodi huwekwa juu ya nguzo imara, wala isiwe jeki peke yake. Springi za nyuma huondolewa, mipira ya kizuio ikiwa mahali pake. Ndipo ekseli hupandishwa kwa jeki hadi mpira wa kizuio ubonyee kabisa. Hapo ndipo gurudumu linapofika siku mbaya kuliko zote, gari limejaa na shimo ni refu. Nafasi ipimwe hapo, nje na ndani, mbele na nyuma ya tairi.

Pili, hupandishwa upande mmoja peke yake, upande wa pili ukiachwa uning'inie, kisha hugeuzwa. Hiki ndicho kipimo cha shimo la upande mmoja, na wengi hukisahau.

Tatu, kila kitu kikisharudishwa mahali pake, vinyunya vya udongo wa mfinyanzi hubandikwa ndani ya tao la madigadi, na gari huendeshwa polepole likiwa na mzigo wake halisi. Palipobonyea udongo ndipo panapogusa, na unene uliobaki ndio nafasi iliyopo. Tairi halisemi uongo kwa udongo.

Mzee alitaka ibaki nafasi ya milimita 12 kwa ndani, sawa na unene wa kidole, kwa kuwa ubavu wa tairi hujipinda konani. Kwa tairi la zamani sehemu iliyokuwa finyu kuliko zote ilikuwa na milimita 32. Basi tairi jipya lingeweza kuingia ndani milimita 20, na milimita 30 zilizobaki zitoke nje. Kwa lugha ya rimu, ET ipungue kwa 5, wala si kwa 15. Hesabu hiyo aliiandika kwa chaki juu ya mlango wa banda, nasi hatukuona kosa ndani yake.

UTARATIBU WA TIBA

Akiwa na vipimo mkononi, mwenye gari hufuata ngazi, kuanzia lililo jepesi na salama.

Ngazi ya kwanza ni kuiweka ekseli katikati. Mkono wa kukingama hubadilishwa kwa ule wenye nyuzi za kurefusha na kufupisha, au hutengenezwa na mchomeleaji stadi kwa kipimo sahihi. Mara nyingi kazi hii peke yake huondoa nusu ya ugonjwa.

Ngazi ya pili ni kuchagua rimu yenye ET ifaayo. Wapo wanaotumia sahani za chuma zinazochomekwa nyuma ya rimu ili kuisogeza nje. Sahani hizo hula urefu wa bolti. Nati ikishika nyuzi chache, gurudumu hushikiliwa na dua. Tena sahani haisaidii kamwe mtu ambaye tairi lake tayari limetoka nje.

Ngazi ya tatu ni springi nzima iliyotengenezwa kuwa fupi, pamoja na shokabsoba inayolingana nayo. Kushusha gari kwa milimita 25 na likabaki na safari yake ya juu na chini ni bora kuliko kulishusha 60 likawa linaruka juu ya mipira yake kama gari la punda.

Ngazi ya nne ni mpira wa kizuio wenyewe. Ukionekana udongo umebonyea karibu mno, mpira hurefushwa ili uisimamishe ekseli kabla tairi halijafika. Gari litakuwa gumu kidogo katika mashimo makubwa, lakini tairi litapona.

Ngazi ya tano ni kuukunja ukingo wa ndani wa madigadi. Katika magari mengi ukingo huo ni bati lililopinda kuelekea ndani, nao ukikunjwa juu ukalala, hupatikana milimita kumi au kumi na tano. Kazi hufanywa taratibu, bati likipashwa joto ili rangi isipasuke, na baadaye hupakwa rangi, maana pakiachwa wazi kutu huingia. Kukata bati na kuchomelea upya ni ngazi ya mwisho, na anayeianza kabla ya nne za kwanza ametibu kidole kwa kuukata mkono.

Mwisho wa yote, nati hukazwa tena baada ya kilomita hamsini hadi mia moja, kwa kuwa rimu mpya hujikalisha.

FASHENI INA KWAO

Yapo ya kujifunza kwa wenzetu walioanza. Huko California, Marekani, vijana wenye asili ya Mexico walishusha magari yao tangu baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ili yapite polepole na kwa madaha katika barabara za mji. Mwishoni mwa miaka ya 1950 sheria ya jimbo hilo ikapiga marufuku gari lolote lenye sehemu iliyo chini ya ukingo wa chini wa rimu. Kijana mmoja, Ron Aguirre, alifunga katika Corvette yake mitambo ya haidroli ili aweze kuliinua gari na kulishusha apendavyo. Marufuku hiyo iliondolewa kuanzia mwaka 2024. Katika habari hiyo twaona kwamba gari la chini lilizaliwa katika lami iliyo laini, na lilikusudiwa mwendo wa kobe.

Afrika Mashariki ilikuwa na chuo chake cha namna nyingine. Mashindano ya magari yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye yakajulikana kama Safari Rally, yaliwafunza watengenezaji wakubwa wa dunia adabu ya barabara zetu. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mwaka 1973 kwa Datsun 240Z, kisha akashinda mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Joginder Singh wa Kenya alishinda miaka ya 1965, 1974 na 1976. Peugeot 504 ilishinda 1975 na 1978. Magari hayo yaliinuliwa, yakaimarishwa springi, na mwanya wa tairi uliachwa mkubwa. Hayakuandaliwa kwa ajili ya barabara ya wastani. Yaliandaliwa kwa shimo baya kuliko yote ambalo dereva angekutana nalo usiku, katika matope.

Hata Land Rover zetu za zamani za jeshi, zenye tairi jembamba refu la 7.50-16, zilifuata hekima hiyo. Tairi jembamba hukata tope likafika ardhi ngumu. Tairi pana huelea juu ya tope hilo likateleza, ijapokuwa kwenye mchanga ni lenyewe linalofaa. Askari aliye na tairi pana la lami akaenda nalo kijijini wakati wa masika ajue amebadilishana nguvu kwa udhaifu.

KWA WALIO ZAMU

Ndugu zetu polisi wa mpakani huangalia magari mengi kwa siku moja. Hawana muda wa timazi wala udongo. Lakini dalili za tairi linalogusa husomeka kwa dakika moja kwa mwenye macho: bati linalometa katika ukingo wa madigadi, unga mweusi wa mpira ndani ya tao, mfereji begani mwa tairi, tairi la upande mmoja lililotoka kuliko la pili, na bolti fupi zisizotokeza ndani ya nati. Dereva akiombwa ashuke na abiria wabaki, jicho litaona mengi zaidi kuliko gari likiwa tupu.

Na hapa pana jambo la pili la manufaa. Gari lililozama nyuma bila ya mzigo kuonekana lina la kueleza. Vile vile gari lililojaa watu na magunia lakini halikuzama hata kidogo, yawezekana springi zake zimeongezwa nguvu kwa ajili ya mzigo mwingine ambao haujatangazwa. Anayeifahamu springi huifahamu na magendo.

Hata hivyo tunaomba jambo moja. Kijana mwenye gari lililoshushwa asitendewe kama mwizi kwa sababu ya urembo wa gari lake. Aonyeshwe tairi lake, aguse mfereji kwa kidole chake mwenyewe. Mtu aliyeguswa na woga wa kweli hurekebisha gari lake hata pasipo faini. Aliyeonewa hujifunza njia ya kukwepa kizuizi tu.

USIKU WA KISOKO

Koplo alituuliza kama tairi lingeweza kuvumilia safari moja tu ya kesho, polepole. Tulimtazama fundi. Mzee aliingiza ncha ya bisibisi katika mfereji, akaupanua, akamwonyesha nyuzi zilizokatika.

"Mwanangu, mimi sijui litapasuka lini," akasema. "Ila najua nani atakuwa amelikalia."

Kijana akavua shati.

Nyuma ya banda palikuwa na mzoga wa Corolla nyingine ya umri ule ule, iliyokwisha injini. Kutoka humo zilipatikana springi mbili nzima na mipira miwili ya kizuio. Matairi membamba ya awali koplo alikuwa ameyaweka nyumbani kwao, akawatuma wadogo zake wakayaleta kwa baiskeli, moja moja, katika manyunyu. Sisi tulishika tochi. Kazi ilikwisha saa nne za usiku, na gari liliposimama tena lilikuwa refu, jembamba, halina fahari yoyote. Fundi alitutia sote wanne nyuma, akalipitisha kwenye mtaro ulio mbele ya banda, mara mbili, akisikiliza. Hapakuwa na sauti ila ya maji.

Asubuhi tulikutana nao njiani. Mama alikuwa amekaa nyuma upande wa kulia, kitambaa kichwani, mfuko wa nguo magotini. Aliinua mkono kutusalimu bila kujua lililopita. Koplo hakupiga honi. Aliinamisha kichwa kidogo, akaendelea kuelekea Tororo kwa mwendo wa mtu aliyebeba mayai.

Miezi kadhaa baadaye tulimwona tena. Gari lake lilikuwa limevaa matairi mapana upya: rimu za ET ifaayo, springi fupi zilizo nzima, ekseli katikati, ukingo umekunjwa na kupakwa rangi. Lilikuwa limeshuka kidogo tu, nasi twakiri kwamba lilipendeza. Tulimwomba aketi nyuma na wenzake watatu, tukainama kuangalia. Kidole kilipita pande zote.

"Nani aliyekupimia?" tukamwuliza.

"Nilipima mwenyewe, afande," akajibu. "Nikiwa na magunia mawili ndani."